Mkono wa Mjomba na Spana ya Torki

Nilijifunza kukaza nati nikiwa na umri wa miaka 13, katika gereji bubu ya mjomba wangu pale Ngamiani, Tanga, chini ya mwembe uliopigwa misumari ya kutundikia fani belti. Mjomba hakuwa na kipimo chochote isipokuwa fila geji moja iliyochakaa, ile ya vibati vyembamba vya kupimia nafasi, aliyoitumia kuweka nafasi za valvu na za plagi. Mengine yote aliyapima kwa mkono, kwa sikio, na mara chache kwa pua. Siku ya kwanza aliweka kiganja chake juu ya changu kwenye mpini wa wili spana, tukasukuma pamoja mpaka nati ikaacha kukimbia na kuanza kugoma, kisha akaongeza msukumo mdogo ambao niliuhisi begani kuliko nilivyouona, akaniambia, "Hapo hapo, mjomba. Imeshika. Ukiongeza unaiumiza." Kwa zaidi ya miaka 20 niliamini kwamba somo hilo lilikwisha siku hiyo.

Leo ninaishi Milton Keynes, Uingereza, kazi yangu ni ya kukaa mbele ya kompyuta, na katika banda lililo nyuma ya nyumba nina gari ambalo haliwezi kubeba hata gunia moja la mkaa. Ni Mazda MX-5 ya mwaka 1996, ya viti viwili, injini ya cc 1,800, ambalo nimelitengeneza mwenyewe kidogo kidogo kwa ajili ya siku za uwanja. Nililichagua kwa sababu mbili. Kwanza ni jepesi, chini ya tani moja, na gari jepesi halili matairi na breki kama linavyokula lililo zito. Sababu ya pili ni ya moyo. Gari hili lililetwa hapa kama mtumba kutoka Japani, likiwa na jina la Eunos Roadster ambalo Mazda ililitumia huko kwao. Spidomita yake inaishia 180, na ndani ya mlango lina zile stika za maonyo kwa Kijapani ambazo nilikua nikiziona kwenye magari yanayoshushwa bandarini Dar es Salaam, na ambazo sijapata kukutana na mtu aliyezisoma.

Kwa asiyeijua, siku ya uwanja si mashindano. Uwanja wa mbio hukodishwa kwa siku nzima, watu wa kawaida hulipa ada na kuingiza magari yao, na kila mmoja huendesha kwa kadiri ya uwezo wake. Hakuna saa ya kupima mizunguko, hakuna kikombe, na kulipita gari lililo mbele kunaruhusiwa tu pale dereva wake anapokuwa amekuona na kukupa njia. Asubuhi wote huhudhuria maelezo ya usalama, hukumbushwa maana ya bendera, huvaa kofia ngumu na nguo za mikono mirefu, halafu mizunguko ya kwanza huendeshwa polepole nyuma ya gari la waandaaji. Bima ya kawaida kwa kawaida haifiki huko: ukiligonga gari lako hasara ni yako, na ukibomoa uzio wa chuma unaweza kuletewa bili yake pia. Ndiyo maana wengi tunaokutana viwanjani tunatengeneza magari yetu wenyewe, kwa kuwa kila mtu anapenda kujua nati gani ilikazwa na nani. Nisidanganye, hali ya mfuko nayo ina sehemu yake, maana malipo ya fundi wa hapa kwa saa moja mjomba hayapati kwa siku nyingi.

Kazi ya kwanza haikuwa ya kasi hata kidogo, ilikuwa ya kutu. Katika gari hili maji ya mvua yanayoteremka kwenye turubai la paa hupita katika mirija miwili nyuma ya viti na kutokea chini, karibu na magurudumu ya nyuma. Mirija hiyo ikizibwa na majani, maji hujaa ndani ya kizingiti cha mlango na kula chuma kutoka ndani, huku rangi ya nje ikiendelea kung'aa kana kwamba hakuna lililotokea. Nilikigonga kizingiti cha kushoto kwa mpini wa bisibisi, na badala ya mlio wa chuma nikasikia mlio wa biskuti. Mirija niliizibua kwa uzi wa nailoni wa mashine ya kukatia nyasi, likatoka tope jeusi lenye harufu ya mtaro; kuchomelea nilimwachia mwenye kazi yake, kwa sababu vizingiti ndivyo vinavyolizuia gari lisilo na paa la chuma lisijikunje, na mkono wa kuchomelea sikujaliwa.

Baada ya hapo nilifanya ujinga ambao nimeuona kwa wageni wengi wa mchezo huu: fedha iliyobaki niliipeleka kwenye ekzosi na rimu. Ekzosi ilikuwa ya chuma kisicho na kutu, mdomo wake mpana kama bakuli la uji. Rimu nilizinunua mtumba, nikazikwangua na kuzipaka rangi nyeusi tabaka tatu, mbele na nyuma, mpaka ndani ya matundu ya nati, na nilijisifu sana kwa hayo matundu, kwa sababu ndiyo niliyoyachukulia kuwa dalili ya fundi mwangalifu.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa Bedford Autodrome, uwanja uliojengwa juu ya uwanja wa ndege wa zamani wa Thurleigh, ambako ndege za Marekani za kudondosha mabomu ziliruka wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Kabla ya kuingia ilibidi sauti ipimwe. Mpimaji huweka kipaza sauti nusu mita kutoka mdomo wa ekzosi, kwa pembe ya nyuzi 45, nawe unakanyaga mpaka injini ifike robo tatu ya mizunguko yake ya juu na kuishikilia hapo. Viwanja hivi vimezungukwa na vijiji, na kuna majirani wanaozifahamu sheria za kelele kuliko madereva. Gari langu lilikataliwa. Nilishinda asubuhi nikiwatazama wenzangu wakizunguka, mpaka mzee mmoja mstaafu wa reli, mwenye Peugeot 205, akaja na kizibo alichokiunda mwenyewe kwa kipande cha bomba na nyuzi za chuma, akakisokomeza katika ule mdomo mpana na kukifunga kwa bolti moja. Tukapimwa tena, tukapita. Ekzosi niliyoinunua kwa fedha nyingi nikawa naitumia ikiwa imezibwa, na hiyo ndiyo tathmini yangu yote kuhusu ekzosi.

Mchana nikaingia. Uwanja ule ni tambarare na mpana, hauna kuta za karibu, kwa hiyo mgeni akikosea huishia kwenye lami nyingine au kwenye majani, na hilo liliniokoa. Katika mzunguko wa tano au wa sita nilianza kuhisi mtetemo wa taratibu, du, du, du, unaoongezeka kasi ya gari ikiongezeka. Ulikuwa kwenye kiti. Usukani ulikuwa umetulia. Usukani ukitetema, anza kutafuta mbele. Kiti kikitetema, tazama nyuma. Hilo nilifundishwa na mjomba juu ya Hilux ya mwenye duka la mchele, na nashukuru kwamba halikunitoka. Nilipunguza mwendo, nikawasha taa zote nne za tahadhari, nikarudi maegeshoni. Gurudumu la nyuma kushoto lina nati 4, na mbili kati yake zilizunguka kwa vidole.

Nilikuwa nimezikaza mwenyewe jana yake, kwa mkono uleule wa Ngamiani, na naapa zilikuwa zimeshika. Ilinichukua muda kuelewa kilichotokea. Nati inapokazwa, bolti yake hurefuka kwa kiasi kidogo mno, kama springi ngumu sana, na mvuto wa springi hiyo ndio unaolibana gurudumu kwenye habu, yaani kitovu linapofungiwa. Rangi niliyoipaka ndani ya matundu ilikuwa mto laini uliolala kati ya chuma na chuma. Breki zilipopata moto, joto likapanda kwenye habu na kuifikia rangi, ikalainika, ikapondeka na kusogea, na kwa kuwa mvuto wa bolti hukaa katika umbali mdogo kuliko unene wa ukucha, ulitoweka wote. Mkono wangu haukuwa na kosa siku ile ya kukaza. Uliniambia kweli kwamba nati imeshika. Haukuwa na njia ya kunieleza imeshika nini.

Yule mstaafu alirudi tena, safari hii na spana ya torki, ile inayolia "tak" inapofika nguvu uliyoiwekea. Hakunipa pole wala lawama. Alikwangua rangi yote kwenye matundu kwa ncha ya kisu, akausugua uso wa habu kwa brashi ya waya, akakaza nati kwa mtindo wa msalaba, kisha akanituma nikazunguke mara mbili polepole na kurudi ili tuzipime tena. Mazda inataka nati hizo zikazwe kwa nyutoni mita 88 hadi 118. Tangu siku hiyo mimi huweka 110, na kila nitokapo uwanjani kwa mara ya kwanza katika siku, magurudumu yakishapoa, nazipitia zote 16.

Jioni nilimpigia mjomba.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mjomba. Hujambo wewe na baridi yenu?"

Nilimsimulia mkasa mzima. Akanyamaza, nikasikia redio ya gereji ikisoma matangazo ya vifo, halafu akauliza, "Ulipaka rangi pale nati inapokalia?"

"Nilipaka."

"Mimi nilikufundisha kukaza chuma juu ya chuma. Rangi sikukufundisha."

Nilipomweleza kuhusu spana ya torki aliuliza bei, nikamtajia, akacheka mpaka akakohoa. Kisha akasema jambo ambalo nimelikumbuka mara nyingi nikiwa chini ya gari: "Mkono wangu una miaka 40 kwenye wili spana. Wako una mingapi? Nunua tu, mjomba."

Nikanunua, pamoja na daftari la jalada gumu ambalo sasa limejaa alama za vidole vya grisi. Ndani yake naandika tarehe, kilomita, kilichofunguliwa, kilichofungwa na kwa nguvu gani. Kila bolti iliyokazwa kwa kipimo naipiga mstari wa rangi nyeupe kutoka kichwani mpaka kwenye chuma kilicho chini yake. Mstari ukikatika, bolti imesogea, na hilo huonekana kwa tochi bila kushika spana.

Daftari halikunizuia kukosea tena. Somo la breki lilikuja msimu uliofuata, huko Brands Hatch, katika kaunti ya Kent. Njia yake fupi haifiki hata kilomita 2, lakini haina pumziko: unatoka kwenye sehemu iliyonyooka mbele ya jukwaa, unafunga breki kuingia Paddock Hill, kona ya kulia ambayo barabara inadidimia chini yako na huoni inakoishia, halafu unapanda mlima mpaka Druids, ambako unafunga breki tena kwa nguvu ili uzunguke kama unayegeuza gari. Mbio za namna hiyo huzipa breki moto, na muda wa kupoa ni mfupi kabla ya kurudi kulekule. Mimi nilikuwa nimejiandaa, au nilidhani hivyo: diski mpya, pedi za uwanja zinazovumilia moto, na mipira ya breki iliyosukwa kwa nyuzi za chuma. Mafuta ya breki sikuyagusa. Yalikuwemo, kiwango chake kilikuwa sawa, na kwenye gari la barabarani hayakuwa na shida yoyote.

Baada ya dakika kama kumi na tano pedeli ilianza kulainika. Nililihisi hilo waziwazi, mguu uliniambia. Nikajiambia nimalize mzunguko mmoja. Nilipokanyaga kuelekea Paddock Hill, pedeli ilikwenda mpaka chini kama nimekanyaga sponji, nikapampu mara mbili, ikapatikana breki kidogo na kona nayo ikawa imekwisha kufika. Gari lilinyoosha njia yake, likavuka ukingo wa lami na kuzama katika changarawe, likasimama polepole kwa sauti ya mchele unaomwagwa kwenye sinia la bati. Sikuumia, na bodi haikuumia. Lakini bendera nyekundu zilipepea uwanja mzima, magari yote yakaingizwa ndani, trekta likaja kunivuta, na nikapita mbele ya watu ambao nilikuwa nimewakatizia siku waliyoilipia. Changarawe zilikuwa kila mahali, nyingine zimebanwa kati ya diski na ngao yake zikilia kama kinanda kibovu, na hadi leo nikifagia banda huokota moja au mbili.

Kilichotokea kina maelezo mafupi. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, kama chumvi kwenye kopo lisilo na kifuniko wakati wa masika huko kwetu pwani. Yale ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango cha chini kinachokubalika huwa 155. Joto la pedi hupita kwenye pistoni na kuingia katika mafuta, maji yaliyomo hugeuka mvuke, na mvuke hubonyea ilhali mafuta hayabonyei. Mguu wako unabana mapovu badala ya kusukuma pedi. Pedi zangu za uwanja, zilizonunuliwa ili zivumilie moto, zilinipa tu nafasi ya kutengeneza moto mwingi zaidi. Nilipoyatoa mafuta yale wiki iliyofuata yalikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyosahaulika jikoni, na huenda yalikuwemo tangu kwa mwenye gari wa kwanza.

Siku hizi nayabadilisha kabla ya kila msimu na katikati yake, na natoa upepo kwenye mirija ya breki kabla ya kila siku ya uwanja, kazi inayohitaji watu wawili. Mwenzangu ni mke wangu, ambaye hakuwahi kuupenda mchezo huu lakini ana mguu mtiifu. Tunaanza na gurudumu lililo mbali zaidi na pampu ya breki, ambalo kwa gari hili lenye usukani wa kulia ni la nyuma kushoto, kisha nyuma kulia, mbele kushoto, na mwisho mbele kulia. Mimi nimelala chini na kopo lenye mpira mwembamba, yeye yuko kwenye kiti na simu mkononi.

"Kanyaga."

"Nimekanyaga."

"Shikilia hapohapo." Nalegeza nipo, ile skrubu ndogo yenye tundu la kutolea hewa, mapovu yanatoka, naifunga. "Achia."

Siku moja aliachia kabla sijaifunga, hewa ikanyonywa ndani, tukaanza upya gurudumu lile. Aliniuliza, bila kuondoa macho kwenye simu, kama magari ya watu wanaoshindana kweli nayo hutengenezwa hivi. Nilimjibu kwamba kanuni ni ileile, jambo ambalo ni kweli, ingawa wao hawasubiri mtu amalize kujibu ujumbe wa dada yake.

Baada ya Brands Hatch niligeuka mtu wa vipimo. Nilitaka kila kitu kiwe na namba. Upepo wa matairi nilianza kuupima kabla ya kuingia na mara tu nikitoka, nikajifunza kwamba matairi yaliyotoka nyumbani na psi 26 yanaweza kurudi na 32 au zaidi, na kwamba lile la mbele kushoto hupata moto kuliko yote katika uwanja wenye kona nyingi za kulia. Alaimenti, yaani kunyoosha mwelekeo wa magurudumu, nikaifanya bandani kwa kamba mbili zilizovutwa sambamba na gari juu ya stendi nne, nikisoma rula kwa milimita, kazi ya Jumamosi nzima ambayo mwenye mashine huimaliza ndani ya saa moja. Naikiri, nilianza kumcheka mjomba kimoyomoyo.

Kilichonirudisha nyuma ni geji zenyewe. Katika dashibodi ya gari hili kuna mshale wa presha ya oili, unaopanda vizuri injini ikiwaka na kutulia katikati. Niliutazama kwa mwaka mzima kwa imani kubwa, mpaka nilipofunga geji ya kweli na kugundua kwamba mshale ule, katika matoleo ya kuanzia katikati ya miaka ya 1990, hauna habari na presha. Nyuma yake kuna swichi tu: presha ikiwepo kidogo, mshale unapanda, ikikosekana, unashuka. Ni taa ya tahadhari iliyovalishwa kanzu ya geji. Mshale wa joto nao umetulizwa kwa makusudi ili dereva wa kawaida asihangaike, hukaa katikati wakati maji yakiwa ya vuguvugu na hukaa katikati wakati yanakaribia kukuletea hasara. Gari linaweza kuwa linaelekea kuchemsha nawe umeridhika. Rejeta niliibadilisha kwa jicho, siyo kwa mshale: tangi lake la juu la plastiki, ambalo likiwa zima ni jeusi, lilikuwa limegeuka rangi ya kahawia, na plastiki ya namna hiyo ikishafika hapo hupasuka siku isiyofaa.

Beringi iliyoanza kulika nayo niliipata kwa mkono. Kabla ya safari ya Bedford ya mwaka uliofuata nililipandisha gari, nikalishika gurudumu la mbele kulia juu na chini, nikalitikisa. Halikucheza. Nililizungusha, halikulia. Daftari lilikuwa tayari kuandikwa "sawa". Ndipo nikakumbuka jinsi mjomba alivyokuwa akipima beringi za Land Rover: huku mkono mmoja ukizungusha gurudumu, mwingine aliuweka juu ya springi, wepesi, kama anayempima mtoto homa. Springi hubeba mtikisiko ambao sikio halisikii. Nikaweka kiganja. Kwenye gurudumu la kushoto springi ilikuwa kimya. Kwenye la kulia nilihisi punje, mkwaruzo mdogo sana, kana kwamba ndani kuna mtu anasaga sukari. Niliifungua habu ile, na beringi niliyoitoa ilikuwa na alama za kulika katika njia ya gololi, bado ndogo kiasi kwamba ningeweza kuzunguka nayo asubuhi nzima. Mchana sina hakika.

Nimewahi kumwonyesha yule mstaafu wa Peugeot mbinu hiyo. Aliweka mkono, akafumba macho, akazungusha, akasema wao pia relini walikuwa na mzee mmoja aliyegonga magurudumu ya mabehewa kwa nyundo na kusikiliza. Kisha akanionyesha namna ya kupoza breki, jambo ambalo kwa kuona haya sikuwahi kuliuliza: mzunguko wa mwisho unauendesha bila kugusa breki ila kwa lazima, ukifika maegeshoni huvuti breki ya mkono, kwa sababu pedi zenye moto zikibana diski mahali pamoja hulichoma eneo hilo peke yake na diski kuanza kutetema, unaliacha gari kwenye gia na kuweka kigingi nyuma ya gurudumu. Katika maegesho ya siku za uwanja ndivyo elimu inavyotembea, kwa kuazimana. Sijawahi kumwona mtu akitozwa fedha kwa kuazima jeki, na nimeona mtu akimpa mgeni chupa yake ya mwisho ya mafuta ya breki, na yeye mwenyewe akafungasha na kwenda nyumbani.

Desemba iliyopita nilikwenda Tanga, na katika sanduku nilikuwa nimemfungia mjomba spana ya torki. Aliitoa kwenye kasha lake, akaizungusha mpini kusoma namba, akauliza kwa nini ilikuja imelegezwa mpaka chini. Nikamwambia ndivyo inavyotunzwa, ukiiacha imebanwa springi yake huchoka na kuanza kudanganya. Akatikisa kichwa kama aliyesikia habari ya jamaa anayemfahamu. Chini ya mwembe kulikuwa na Hilux, na gurudumu la mbele alikuwa amelifunga muda huo huo, mimi nikiwa nimesimama pembeni yake. Tukaweka namba inayofaa gari lile, akaanza kuzipitia nati moja moja, taratibu, akiinamisha sikio upande wa spana. Ya kwanza: tak, bila nati kusogea. Ya pili hivyo hivyo, ya tatu, ya nne, ya tano. Nilijua kwamba spana ya namna ile haisemi kama nati imezidishwa, inasema tu kwamba haikupungua, lakini sikuwa mjinga wa kulitamka hilo mbele ya vijana wake wa kazi. Ya sita ikasogea, kidogo, kama upana wa kiberiti, ndipo ikalia.

Mjomba akaitazama nati ile, kisha akanitazama mimi.

"Hiyo," akasema, "niliikaza nikiwa najibu swali lako."

Akailegeza spana mpaka chini, akairudisha kwenye kasha lake, na kumwagiza kijana asogeze jeki kwenye gurudumu la nyuma.